Bildi ya Zama Mpya: Kiwimbi cha Hesabu na Bahari ya Mtwara

Mabaharia wa zamani waliijua bahari kwa bildi. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kamba yenye alama. Hutoswa majini karibu na mwamba au mlangoni mwa ghuba, kamba ikalegea risasi inapogusa chini, na nahodha akapata hesabu yake ya pima. Kitako cha risasi hupakwa mafuta mgando, nayo hupanda na chembe za mchanga au tope, ili mwenye chombo ajue kina na pia asili ya mahali anapotaka kutia nanga. Katika ghuba za kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikindani na Mtwara hadi Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma, elimu ya namna hiyo ilikuwa na thamani kubwa, kwani mto hauachi kuleta mchanga, na fungu lililokuwa hapa mwaka jana huenda mwaka huu likawa kule.

Bildi ilikuwa na mpaka wake. Iligusa uso wa chini ya bahari, haikupenya. Karne ya 20 ilileta bildi nyingine isiyo na kamba wala risasi, ambayo hupima kwa sauti na kusikiliza mwangwi kutoka maelfu ya mita chini ya mchanga. Sikio la bildi hiyo lilinolewa kwa hesabu ambayo Wafaransa waliipa jina la ondelette, yaani kiwimbi, nayo hesabu hiyo baadaye ilitoka baharini ikaingia katika picha, alama za vidole, sahani za santuri na darubini za kusikilizia nyota. Historia yake ina mambo mengi ya kuufurahisha moyo wa mpenzi wa ushairi, kwa kuwa ni historia ya watu waliotaka kujua sauti fulani ni ipi, na pia ilisikika mahali gani.

Mwangwi chini ya Ghuba ya Mnazi

Mwaka 1969 Tanzania iliunda Shirika la Maendeleo ya Petroli, na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ikapewa nafasi ya kutafuta mafuta katika mwambao. Mwaka 1974 ilipata gesi Songo Songo, mbele ya Kilwa. Na mwaka 1982 ikapata gesi nyingine katika Ghuba ya Mnazi, kusini ya Mtwara, karibu na Msimbati. Watafutaji walitamani mafuta. Gesi ya mahali palipo mbali na miji mikubwa haikuwa na soko wakati ule, hivyo kisima cha Mnazi kikaachwa, na watu wa Msimbati wakaendelea na uvuvi na minazi yao kama kwamba hakuna lililotokea.

Namna ya kutafuta ilikuwa ni ile ile iliyotumika duniani kote. Baharini, chombo cha utafiti hukokota bunduki za hewa zinazofyatuka kila baada ya sekunde chache, na nyuma yake huburuta nyaya ndefu zenye vinasa sauti. Mshindo huteremka majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, hupenya chini, na kila ufikapo mahali ambapo tabaka moja la mwamba linakutana na jingine, sehemu yake hurudi juu. Muda wa kwenda na kurudi ndio pima za bildi hii mpya.

Walakini mwangwi haurudi mmoja. Hurudi mamia kwa mpigo, umepandana, mwingine mnene na mwingine mwembamba, pamoja na kelele za mawimbi, za mashine ya chombo na za mwangwi uliogonga uso wa bahari ukarudi tena chini. Zaidi ya hayo, ardhi ina ubahili wa pekee: huimeza mitetemo ya haraka mapema na kuiachia ile ya polepole iendelee. Sauti inayotoka kina kirefu huwa imepoteza ukali wake kama sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Kazi ngumu, basi, ilikuwa kusikiliza: kutenga katika vurumai hiyo kipande kidogo cha sauti kinachosema kwamba hapa pana tabaka jembamba la mchanga, na ndani yake huenda pana kitu.

Vina bila mahali pake

Kwa zaidi ya karne moja na nusu chombo kikuu cha kazi hiyo kilikuwa hesabu ya Mfaransa Joseph Fourier, aliyechapisha kitabu chake juu ya nadharia ya joto mwaka 1822. Fourier alidai kwamba mtetemo wowote, hata uwe na vurugu kiasi gani, unaweza kuandikwa kuwa jumla ya mawimbi safi, kila moja likiwa na kasi yake na nguvu yake. Dai hilo lilibishiwa, kisha likawa msingi wa nusu ya uhandisi wa dunia.

Upungufu wake mpenzi wa mashairi anaweza kuuona upesi. Tuseme mtu amepewa shairi la beti nane, mishororo minne kila ubeti, mizani nane kwa nane. Akakaa akahesabu silabi zote, kisha akatoa taarifa: "ni" ziko kadhaa, "ka" kadhaa, "wa" kadhaa. Taarifa hiyo ni ya kweli tupu. Lakini haisemi kina cha kati kimekaa wapi, wala ubeti wa tano umeguna mshororo gani. Hesabu ya Fourier hufanya jambo linalofanana na hilo: hutaja mitetemo yote iliyomo katika sauti, ilhali habari ya wakati wa kila mtetemo, ijapokuwa haikupotea, imetawanywa ndani ya hesabu nzima hata haionekani kwa macho.

Mwaka 1946 Dennis Gabor, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alipendekeza sauti ikatwe vipande vya muda mfupi, na kila kipande kihesabiwe peke yake. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo vipande vyake vilikuwa na upana mmoja daima, kama mvuvi mwenye wavu wa tundu moja. Akitanda jarife, dagaa wote wanampita. Akitanda wavu wa dagaa, papa anauchana. Mtetemo wa polepole unahitaji muda mrefu ili utambulike; wa haraka unahitaji muda mfupi ili mahali pake pajulikane. Upana mmoja hauwezi kuwahudumia wote wawili.

Jean Morlet, aliyezaliwa 1931, alikuwa mhandisi wa kampuni ya mafuta ya Elf Aquitaine ya Ufaransa, na tatizo lake lilikuwa hilo hilo la mwangwi wa matabaka membamba. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 alipata njia iliyo nyepesi kusimulia. Alichukua kiwimbi kimoja, kifupi, kinachoanza katika utulivu, kinachopanda na kushuka mara chache, kisha kikarudi katika utulivu. Kiwimbi hicho alikinyoosha kikawa kirefu, akakifinya kikawa kifupi, bila kubadili umbo lake. Na kwa kila urefu alikitembeza juu ya sauti iliyonaswa, akiuliza katika kila nukta: hapa mnafanana kiasi gani? Kiwimbi kirefu kiliitika palipokuwa na mtetemo wa polepole, kifupi kiliitika palipokuwa na wa haraka, na kila jibu lilikuja na anwani yake ya wakati. Wavu mmoja ukapata tundu kubwa na ndogo kwa pamoja.

Wenziwe hawakumpokea kwa shangwe. Inasimuliwa kwamba aliambiwa kama jambo hilo lingekuwa la kweli, wanahisabati wangekwisha kulijua zamani. Mwanafizikia Roger Balian alimwelekeza kwa Alex Grossmann, aliyekuwa Marseille, ambaye aliona kwamba hesabu za mhandisi huyu zina undugu na hesabu za fizikia ya chembe ndogo, na akamsaidia kuthibitisha kwamba sauti iliyovunjwa kwa viwimbi inaweza kuundwa upya bila kupotea kitu. Makala ya kwanza ya Morlet na wenzake juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1982, mwaka ule ule gesi ya Mnazi ilipopatikana. Makala yake na Grossmann yalifuata 1984. Kampuni yake ilimlipa kwa kumstaafisha mapema. Heshima kutoka kwa wanajiofizikia wenzake aliipata mwaka 1997, akafariki 2007.

Habari hizi zilimfikia Yves Meyer, mwanahisabati wa Paris aliyelelewa Tunis, katika Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1985, akisubiri zamu penye mashine ya kunakilia karatasi, mwenzake alimwonyesha kazi ya watu wa Marseille. Meyer alipanda gari moshi akawafuata. Alitambua kwamba jambo ambalo wanahisabati walikuwa wamelishughulikia kwa miaka mingi, kwa lugha yao ngumu, mhandisi wa mafuta alikuwa amelifikia kwa njia yake, na akaliwekea misingi madhubuti. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya Abel, ambayo kwa wanahisabati ni miongoni mwa tuzo kubwa kupita zote. Stéphane Mallat alionyesha, katika makala ya 1989, njia ya kuzikokotoa hesabu hizo kwa wepesi katika kompyuta. Na Ingrid Daubechies, Mbelgiji, aliunda mwaka 1988 viwimbi vyenye mwanzo na mwisho kamili, ambavyo ndivyo kompyuta inavyoviweza.

Pima nne

Kiwimbi kilicho rahisi kuliko vyote ni cha zamani zaidi: kilielezwa na Mhungaria Alfréd Haar katika mwaka 1910, bila yeye kujua kingekuja kuitwa hivyo. Kinaweza kuelezwa kwa bildi. Nahodha anaukaribia mwamba, naye anatosa risasi mara nne: pima 22, 20, 12, 10. Badala ya kuziandika kama zilivyo, achukue mbili mbili. Wastani wa 22 na 20 ni 21, na kila moja iko pima 1 kutoka katika wastani huo. Wastani wa 12 na 10 ni 11, na hapo pia umbali ni pima 1. Kisha achukue 21 na 11: wastani wake ni 16, na umbali ni pima 5. Sasa daftari lake lina tarakimu nne nyingine: 16, 5, 1 na 1. Anayezijua anaweza kurudi nyuma na kuzipata pima zote nne kama zilivyokuwa.

Faida iko wapi, ikiwa tarakimu zilikuwa nne na zimebaki nne? Faida ni kwamba sasa kila moja ina cheo chake. Ile 16 ni habari ya jumla. Ile 5 yasema kwamba katikati ya njia bahari imepanda ghafla. Zile 1 na 1 ni vijambo vidogo. Mwenye daftari dogo akizifuta hizo mbili za mwisho, akiunda upya atapata 21, 21, 11, 11: ameokoa nusu ya nafasi, na ukingo wa mwamba bado unaonekana. Hivyo ndivyo picha inavyofupishwa katika kompyuta. Na ikiwa mtu anaamini kwamba zile 1 ni mtikisiko wa mkono tu, wala si umbo la bahari, basi kwa kuzifuta anakuwa ameondoa kelele. David Donoho na Iain Johnstone walionyesha katika miaka ya 1990 namna ya kuweka kizingiti kwa hesabu, ili tarakimu iliyo chini yake ihesabiwe kelele na iliyo juu ihesabiwe habari.

Lakini mambo mawili ya kukumbukwa yamo katika mfano huu. La kwanza, mwenye 16 peke yake atapasua chombo. Wastani wa pima 16 ni kweli, nao haukumwambia nahodha kwamba mbele yake pana pima 10. La pili, kizingiti huwekwa na mtu. Hesabu husaidia kuchagua, lakini lazima kwanza mtu awe na dhana yake ya kelele ni kitu gani.

Vidole, santuri na mbingu

Matumizi yalimiminika. Mwaka 1993 Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lililokuwa na kadi zaidi ya milioni 30 za alama za vidole, lilichagua viwimbi kuwa njia ya kuzifupisha katika kompyuta. Njia ya kawaida ya picha ilizigawa katika miraba midogo, na kila mraba ukaacha mstari wa uongo pembezoni mwake. Na katika dole gumba, mstari wa uongo ni ushahidi wa uongo. Viwimbi vilipunguza ukubwa wa picha mara 15 na zaidi, ilhali mikunjo ya ngozi ilibaki mahali pake. Kwa watu wa pwani ambao mababu zao wengi walitia dole gumba penye hati walizosomewa na wengine, ni jambo la kutafakari kwamba alama ile ya kutojua kuandika imekuwa, kwa hesabu hizi, saini iliyo ngumu kughushi.

Mtindo wa picha wa JPEG 2000, ambao maktaba na majumba ya sinema yamekuwa yakiutumia, umejengwa juu ya viwimbi. Kadhalika mtindo wa DjVu, uliotolewa mwaka 1998 kwa ajili ya vitabu na hati, hutenganisha wino na karatasi: herufi huhifadhiwa kwa njia yake, na sura ya karatasi, pamoja na madoa na ukungu wake, huhifadhiwa kwa viwimbi. Anayezijua hati za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo nukta moja iliyofutika hugeuza neno, ataelewa kwa nini si picha yoyote inayofaa.

Katika muziki, Ronald Coifman wa chuo kikuu cha Yale na mwanamuziki Jonathan Berger walishughulikia katika miaka ya 1990 rekodi ya mwaka 1889 ya mtunzi Johannes Brahms akipiga piano, ambayo ilikuwa imeharibika kiasi cha kusikika mchakacho mtupu. Kwa hesabu za jamii hii ya viwimbi waliutoa mchakacho na kuufikia mkono wa mpigaji. Mfano huo una maana katika visiwa hivi. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na sahani za zama hizo ni za aina ambayo muda huila polepole. Hapo ndipo swali la kizingiti linapouma. Mchakacho wa sindano na pumzi ya mwimbaji hukaribiana. Anayesafisha bila kuijua taarabu anaweza kufuta vyote viwili na akaita kazi yake usafi.

Waangalizi wa hali ya hewa nao walipata chombo. Christopher Torrence na Gilbert Compo walichapisha mwaka 1998 mwongozo uliosomwa sana, ambamo waliipima kwa viwimbi historia ya joto la bahari ya Pasifiki. Kwa hesabu ya zamani El Niño ilionekana kuwa na mzunguko wa miaka miwili hadi saba, basi. Kwa viwimbi ilidhihirika kwamba mzunguko huo haukuwa na nguvu moja: kati ya takriban 1920 na 1960 ulikuwa umedhoofu. Mwaka huo huo wa 1998 Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika mafuriko makubwa ya El Niño. Na tarehe 14 Septemba 2015, mitambo ya Marekani iliponasa kwa mara ya kwanza mtikisiko wa mvutano uliotoka katika mashimo mawili meusi yaliyogongana, programu ya kwanza kuutambua mtikisiko huo ilitumia viwimbi. Sauti nzima ilidumu chini ya nusu sekunde. Kitu kifupi namna hiyo ndicho kiwimbi kiliumbwa kukisikia.

Pweza na zafarani

Hesabu hiyo ilirudi baharini ilikozaliwa. Kufikia mwanzo wa karne ya 21 viwimbi vilikuwa vimeingia katika programu za kawaida za watafutaji wa mafuta na gesi, hasa kwa kazi ya kutambua mchanga uliolala katika mifereji ya kale. Wahenga walisema, bahari iliko ndiko mito iendako. Ruvuma na mito iliyoutangulia imekuwa ikibeba mchanga wa bara kwa makumi ya mamilioni ya miaka, na mchanga huo haukuishia ufukweni; uliporomoka katika vilindi kwa mifereji iliyopinda-pinda kama mto juu ya nchi kavu, kisha ukafunikwa na tope. Tabaka jembamba huitika kwa mtetemo wa haraka, nene kwa wa polepole. Anayeweza kuona ni mtetemo gani umeitika mahali gani anaweza kuuchora mto uliokufa, kona kwa kona, chini ya mita elfu kadhaa za maji na mwamba.

Mwaka 2010 gesi ilipatikana kwa mara ya kwanza katika vilindi vya Tanzania. Visima vya kampuni za Ophir na BG vilipewa majina ya viumbe vya baharini: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Papa, Ngisi. Statoil ya Norway, ambayo leo huitwa Equinor, ilichimba katika kina cha maji kinachozidi mita 2,000 na kuchagua majina ya viungo: Zafarani na Lavani mwaka 2012, kisha Tangawizi, Giligiliani na Mdalasini. Upande wa pili wa Ruvuma, mbele ya Cabo Delgado, Msumbiji ilipata gesi nyingi zaidi katika miaka hiyo hiyo. Kwa Tanzania nzima hesabu ya gesi iliyo ardhini ilifikia takriban futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa katika vilindi.

Ni nadra kwa orodha ya visima kusomeka kama soko la Darajani. Lakini utamu wa majina usifiche jambo lililo wazi. Pweza na zafarani walisikiwa kwa sikio lililotengenezwa mbali, katika vyombo vilivyotoka mbali, na zaidi ya miaka kumi baada ya kusikiwa gesi yao ilikuwa bado iko chini.

Mtwara kuchele

Gesi iliyopanda juu ni ile ya Mnazi, iliyosikiwa zamani. Kampuni ya Artumas ya Kanada ilikirudia kisima cha AGIP mwaka 2005, na muda mfupi baadaye mji wa Mtwara ulianza kupata umeme wa gesi yake. Mwaka 2009 uendeshaji ulikwenda kwa Maurel & Prom ya Ufaransa. Visima vimo katika eneo ambalo tangu mwaka 2000 ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, penye matumbawe, mikoko na vijiji vya wavuvi. Msemo wa "Mtwara kuchele", yaani Mtwara kumekucha, ulienea.

Watu wa kusini walikuwa na kumbukumbu yao ya mapambazuko yaliyotangulia. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara na reli ikatandikwa. Mradi ulianguka. Katika miaka ya 1960 reli ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Barabara ya kwenda Dar es Salaam iliendelea kukatwa na Rufiji kila masika, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba gesi ya Mnazi itachakatwa Madimba na kupelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, wengi walilisikia tangazo hilo kwa sikio la watu waliowahi kuona reli ikiondoka.

Mwishoni mwa Desemba 2012 maelfu waliandamana Mtwara mjini. Januari 2013 ghasia zilizuka, na tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni Dodoma, zikazuka tena. Ofisi na nyumba zilichomwa, watu walipoteza maisha, na jeshi likapelekwa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba gesi ni mali ya taifa zima, na kwamba nchi iliyokuwa na mgao wa umeme ilihitaji mitambo pale palipo na watumiaji wengi. Hoja hiyo haikuwa ya uongo: bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, na kwa miaka kadhaa iliyofuata zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ulitokana na gesi. Hoja ya waandamanaji ilikuwa kwamba taifa lina mahali, na mahali hapo pana watu, nao walitaka viwanda, ajira na neno katika uamuzi kabla haujafanywa. Hiyo pia haikuwa ya uongo.

Mwenye kulifahamu daftari la nahodha atazitambua hoja hizi mbili. Taifa lilizungumza kwa wastani. Mtwara ilizungumza kwa tofauti ya mahali. Katika hesabu ya kiwimbi hakuna ugomvi baina ya hayo mawili: 16 bila 5 haijengi upya bahari, na 5 bila 16 haijui imesimama wapi. Ugomvi huanza pale mwenye kizingiti anapoamua mapema kwamba sauti ya mahali ni kelele. Sauti iliyofutwa kwa jina la kelele haikuwa imekoma huko ilikotoka. Imekoma daftarini tu.

Morlet mwenyewe aliwahi kuwa sauti ya aina hiyo ndani ya kampuni yake. Alikuwa mhandisi mmoja, mwenye jambo dogo, katika kona ya kazi ambayo wakubwa waliidhania inajulikana yote; na lile lililomstaafisha ndilo leo linalosafisha rekodi, linalolinda hati, na linalosikiliza nyota. Mchanga wa Ruvuma umesikilizwa kwa subira ya ajabu: kila mtetemo umeulizwa ulitoka wapi na lini, hata ule dhaifu uliokaribia kumezwa na ardhi. Watu wanaoishi juu ya mchanga huo, kuanzia Msimbati hadi Mikindani, wana haki ya kudai subira kama hiyo, na hawahitaji mwanahisabati wa kuithibitisha.